Dhana Haimtoi Mtoto Kwao

Katika sheria ya England na Wales, mtoto hawezi kuondolewa kwao kwa sababu tu angelelewa vizuri zaidi kwingine. Umaskini wa wazazi hautoshi, wala nyumba chafu peke yake haitoshi. Hata mzazi mwenye hasira za karibu, au asiyejua kusoma barua za shule, hanyang'anywi mwanawe kwa hayo tu. Kabla jaji hajaanza kufikiria mtoto akae wapi, halmashauri inayotaka kumchukua lazima ivuke kizingiti kilichowekwa na kifungu cha 31 cha Sheria ya Watoto ya 1989. Ithibitishe kwamba mtoto ameumia, au yumo hatarini kuumia, kwa kiwango kikubwa. Na kwamba madhara hayo yanatokana na malezi ambayo mzazi mwenye busara asingeyatoa, au mtoto mwenyewe amewashinda wazazi. Kizingiti kisipovukwa, shauri linaishia hapo, na mtoto anabaki kwa wazazi wake hata kama jaji ana wasiwasi nao.

Uwakili wa huku una matawi mawili. Solisita humpokea mteja ofisini, hukusanya nyaraka na kuandikiana na upande wa pili. Barista huitwa na solisita kwenda kusimama mbele ya jaji: ahoji mashahidi, ajenge hoja, apinge za wenzake. Mimi ni wa tawi la pili, na mashauri yangu yote ni ya watoto. Katika mahakama ya familia hatuvai wigi wala joho, na watazamaji hawaingii. Sheria inabana mno kutangaza yanayosemwa humo, kwa hiyo mifano ya kazi yangu nitakayoitaja nimeiunganisha kutoka mashauri mbalimbali, na hakuna familia itakayojitambua.

Watu wakisikia natetea katika mashauri ya watoto, hunifikiria kama mtu wa huruma, kana kwamba kutwa nzima nafuta machozi. Huruma inahitajika, lakini siyo inayomlinda mtoto. Kinachomlinda ni ushahidi. Kiini cha kazi hii ni kutenganisha lililothibitika na linalodhaniwa, na kushikilia utengano huo hata pale ambapo kila mtu chumbani, pamoja na wakili mwenyewe, anahisi moyoni kwamba anajua kilichotokea.

Sheria ile ya 1989 imezaliwa na majonzi ya pande mbili. Januari 1973, mjini Brighton, mtoto wa miaka saba aitwaye Maria Colwell aliuawa na baba yake wa kambo. Karibu maisha yake yote alikuwa amelelewa na shangazi yake, kisha mama yake akaenda mahakamani kumdai, na halmashauri haikupinga. Majirani walitoa taarifa mara kwa mara kwamba mtoto anateswa. Uchunguzi uliofuata uliibua jambo ambalo mpaka leo linanikaa kichwani: siku ile mahakama ilipoamua arudi, hakuna hata mtu mmoja aliyesimama kwa niaba ya Maria peke yake. Mama alikuwa na lake, halmashauri ilikuwa na lake, na mtoto hakuwa na msemaji.

Majonzi ya upande wa pili yalikuja mwaka 1987, Cleveland, kaskazini-mashariki mwa England. Madaktari wawili wa watoto walihitimisha katika muda wa miezi michache kwamba watoto 121 wamefanyiwa ukatili wa kingono. Watoto walitolewa majumbani, wengine usiku, wakalazwa hospitali mpaka vitanda vikajaa. Baadaye mashauri mengi yalianguka na wengi wao wakarudi kwao. Jaji Elizabeth Butler-Sloss aliongoza uchunguzi, na ripoti yake ya 1988 iliwakosoa madaktari na maafisa ustawi wa jamii kwa kuiamini mno dalili moja ya mwilini na kusahau kumsikiliza mtoto kama mtu. Sheria iliyotungwa mwaka uliofuata, ikaanza kutumika Oktoba 1991, inajaribu kuzuia yote mawili kwa pamoja: mtoto asiachwe kwa mtesaji, na asing'olewe kwao kwa dhana.

Swali gumu likabaki: uthibitisho wa kiasi gani? Jibu la mwisho lilitolewa Juni 2008 na House of Lords, iliyokuwa bado ndiyo mahakama ya juu ya nchi, katika shauri linalojulikana kama Re B. Jaji wa chini alikuwa amesikiliza tuhuma za msichana dhidi ya baba wa kambo, akakiri kwamba hawezi kusema yalitokea wala hayakutokea, ila upo uwezekano wa kweli kwamba yalitokea. Je, uwezekano huo unatosha kusema watoto wengine wa nyumba ile wamo hatarini? Lord Hoffmann na Baroness Hale wakajibu hapana. Kipimo ni cha kawaida cha madai: je, yaelekea zaidi kwamba jambo lilitokea kuliko kwamba halikutokea? Likithibitika kwa kipimo hicho, mahakama inalichukua kuwa limetokea, mia kwa mia. Lisipothibitika, halikutokea. Kati ya hayo mawili hakuna chumba cha kuweka tuhuma iwe ya akiba.

Najua kanuni hii ina gharama. Wako watoto waliorudishwa kwenye nyumba zisizo salama kwa sababu aliyepaswa kuthibitisha alishindwa. Bado naitetea bila kusita. Ukiruhusu dhana ibaki na uzito kidogo, dhana kumi zikijumlishwa zinakuwa mlima, na hakuna mzazi duniani asiyeweza kurundikiwa dhana kumi na mtu aliyekwisha kumchukia. Wanaorundikiwa zaidi ni maskini, wageni, na wale wasioweza kujieleza kwa Kiingereza cha ofisini.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Halmashauri inapofungua shauri, huandika waraka wa kizingiti, kurasa mbili au tatu zenye aya za namba. Hapo ndipo wakili wa mzazi anapoanzia, na penseli mkononi. Aya ya nne inasema: “Mama hashirikiani na wataalamu.” Wataalamu gani? Alikataa nini, lini, akiwa ameelezwa na nani na kwa lugha gani? Na kukataa huko kumemdhuru vipi mtoto? Aya ya saba inasema mama “anaonekana” kusema uongo kuhusu mume aliyeachana naye. Neno hilo haliwezi kubeba kitu chochote mahakamani. Sir James Munby, alipokuwa rais wa kitengo cha familia, aliliandika jambo hili kwa ukali katika hukumu ya 2015: halmashauri ithibitishe tukio lenyewe, kisha ioneshe kamba inayolifunga tukio hilo na madhara kwa mtoto. Tukio bila kamba halifiki popote. Mara nyingi waraka ulioingia na aya kumi na tano hutoka na tano, na shauri linalobaki ni jingine kabisa.

Sasa chukua mfano huu. Mtoto mchanga wa mama aliyezaliwa Goma anapelekwa kliniki kwa ajili ya kikohozi. Nesi anamvua nguo, anaona alama za bluu-kijivu kwenye makalio na sehemu ya chini ya mgongo. Anaandika: damu imevilia, sababu haijulikani. Kufikia jioni polisi wamefika, na mtoto analala kwa walezi wa muda. Daktari aliyemwona usiku ule anaandika kwamba alama hizo “zinaendana na” kupigwa. Kila mama wa Kiafrika anayesoma haya ameshajua: watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka hayo, nayo hufifia wakikua. Lakini mahakama haiwezi kuamua kwa yale wanayojua akina mama. Inahitaji karatasi.

Karatasi ipo. Kila mtoto anayezaliwa England hupewa kitabu chekundu cha afya, mzazi anakaa nacho. Katika kitabu cha mtoto yule, mkunga alikuwa amechora duara mbili kwenye picha ya mwili, sehemu zilezile, siku chache baada ya kuzaliwa. Hakuna aliyekifungua kile kitabu. Kilikuwa ndani ya mfuko wa nepi muda wote huo. Zipo pia picha mbili za polisi zilizopigwa kwa kupishana wiki mbili. Maswali ya kumuuliza daktari yalikuwa machache mno. Damu iliyovilia hubadilika rangi na kutoweka kadiri siku zinavyopita? Ndiyo. Katika picha hizi mbili kuna mabadiliko yoyote? Kimya kidogo, kisha hapana. Ulikiona kitabu hiki kabla ya kuandika ripoti yako? Sikukiona. Wanagenzi hudhani kumhoji shahidi ni kupandisha sauti na kumbana mtu mpaka atoe jasho. Maswali bora niliyowahi kuyasikia yaliulizwa kwa upole, na yaliisha kabla shahidi hajagundua kwamba yameanza.

Si kila shauri la kitabibu linakuwa jepesi hivyo. Mwaka 2012 Jaji Theis wa Mahakama Kuu alisikiliza shauri la halmashauri ya Islington, London, ambalo kila wakili wa fani hii amelisoma. Mtoto wa miezi minne alikuwa amefariki mwaka 2009 akiwa na mifupa iliyovunjika na ubongo uliovimba. Wazazi, vijana wadogo, wakashtakiwa kwa mauaji, na mtoto wao wa pili akachukuliwa. Kesi ya jinai iliporomoka Desemba 2011, kwa sababu ilikuwa imebainika kwamba marehemu alikuwa na matege, ugonjwa wa mifupa kukosa uimara kwa upungufu wa vitamini D, na mama yake pia alikuwa na upungufu huo bila mtu kuugundua. Halmashauri iliendelea na shauri lake kwenye mahakama ya familia, ambako kipimo cha ushahidi ni cha chini zaidi. Madaktari bingwa wengi walifika, na hawakukubaliana. Jaji Theis akaamua kwamba halmashauri haijathibitisha, na hapakuwa tena na sababu ya kumtenga mtoto wa pili na wazazi wake. Wenye ngozi nyeusi wanaoishi kwenye nchi zenye jua haba wana sababu ya kulijua shauri hilo, maana upungufu wa vitamini D unawakumba zaidi wao.

Msomaji anaweza kuniambia: mawakili wa namna yako ndio mnaowarudisha watoto kwa watesaji. Basi tumtazame Victoria Climbié. Alizaliwa Ivory Coast, wazazi wake wakamkabidhi kwa shangazi wa baba yake wakiamini anakwenda kusomeshwa Ulaya. Alifariki London tarehe 25 Februari 2000, akiwa na miaka minane, na mwilini mwake zikahesabiwa alama 128 za majeraha. Alikuwa amepita mikononi mwa halmashauri kadhaa, polisi na hospitali mbili. Katika hospitali moja daktari alisema alama zake ni za upele. Afisa ustawi wa jamii aliposikia kwamba mtoto husimama wima kama askari mbele ya mlezi wake, alidhani hiyo ndiyo heshima ya familia zenye asili ya Kiafrika. Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi, alitoa ripoti yake mwaka 2003.

Ukiisoma ripoti ile kwa makini, utaona tatizo halikuwa wakili mwerevu wala kipimo kikali cha ushahidi. Shauri la kumlinda Victoria halikufika mahakamani kabisa. Hakuna aliyekaa naye faragha kwa muda wa kutosha, pamoja na mkalimani asiye mlezi wake, akamuuliza maisha yake yakoje. Dhana ilimuua upande ule kama ilivyowang'oa watoto wa Cleveland upande huu. Ninaposimama kwa niaba ya halmashauri, kazi yangu inaanzia palepale ninapoanzia nikiwa upande wa mzazi: nani aliona, lini, aliandika wapi, mtoto alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, na swali aliloulizwa lilikuwa lipi. Halmashauri nyingi hupoteza mashauri ambayo zilistahili kuyashinda kwa sababu mtu aliyeona jambo kwa macho yake ameshaacha kazi, na aliyeletwa mahakamani anasoma faili la mwenzake.

Ndiyo, leo nasimama na mama, wiki ijayo na halmashauri, mwezi ujao na mtoto. Wengi hushangaa. Kanuni yetu inatutaka tupokee shauri linalokuja mradi liwe ndani ya fani yetu na tuwe na nafasi, kama teksi ya kituoni inavyompokea abiria aliye mbele kwenye foleni. Faida yake naiona kila mara. Aliyewahi kuandika waraka wa kizingiti anajua udhaifu wake ulipo, na aliyekaa na mzazi anayelia ukumbini hawezi tena kuandika “hashirikiani na wataalamu” kwa urahisi.

Mtoto naye katika mashauri haya ana wakili wake. Hili ndilo tunda la kifo cha Maria Colwell, na kwangu ni moja ya mambo bora kabisa katika sheria ya nchi hii. Mahakama humteulia msimamizi kutoka Cafcass, taasisi iliyoanza kazi 2001, na kwa Wales kuna ya kwao; kisha msimamizi humpa mtoto solisita. Msimamizi husema lililo bora kwa mtoto. Lakini mtoto akiwa mkubwa na mwenye ufahamu wa kutosha, akataka jambo tofauti na la msimamizi wake, solisita humfuata mtoto, na msimamizi anabaki kujisemea. Wazazi nao hulipiwa mawakili na serikali, wawe na mali au wasiwe nayo, wawe na shauri zuri au bovu. Dola inapotaka kumchukua mtoto wa mtu, dola hiyohiyo inamlipia mzazi mtu wa kuipinga. Sijui ishara bora kuliko hiyo ya nchi inayojua ukubwa wa kile inachokitenda.

Saa ngumu kuliko zote haiwi mbele ya jaji. Ni ile ya asubuhi, kwenye vyumba vidogo vya mashauriano vyenye meza iliyochubuka na boksi la tishu. Mama mmoja, mtu wa pwani, watoto wake waliwaona polisi wakimtoa baba yao mara tatu kwa kumpiga. Dada zake walikuwa wamemwambia akane kila kitu.

“Dada, jaji ameshasoma taarifa za polisi,” nikamwambia. “Ukilikana hili, hatakuamini hata kwenye yale ya kweli.”

“Nikikubali, kaka, si nitakuwa nimewatoa watoto kwa mikono yangu mwenyewe?”

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kukubali kungevusha kizingiti. Lakini kuvuka kizingiti hakumwondoi mtoto; kunaufungua tu mlango wa swali la pili, nalo ni lipi lililo bora kwake sasa, na hapo mzazi anayeona hatari iliyopo ana nafasi kubwa kuliko anayeikana. Nikamweleza pia kifungu cha 98 cha Sheria ya Watoto: mahakamani hawezi kukataa kujibu kwa kuogopa kujitia hatiani, na atakachokisema hakiwezi kutumika kama ushahidi dhidi yake katika kesi ya jinai, isipokuwa akishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo, ingawa polisi wanaweza kuruhusiwa kukiona. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema andika. Kizingiti kikavukwa asubuhi ile bila shahidi kuitwa, na tangu hapo ndipo shauri lake lilipoanza kwenda vizuri. Wakili anayependa kupambana tu angempeleka kizimbani akane, na angeharibu kila kitu.

Kwa wasomaji wanaoishi huku, kuna mambo yanayonisumbua kwa kuwa nayaona yakijirudia katika familia zetu.

La kwanza ni karatasi ya kifungu cha 20 cha sheria ileile ya 1989. Halmashauri inaweza kumchukua mtoto bila amri ya mahakama ikiwa mzazi ameridhia. Afisa anafika jioni, mama amechanganyikiwa, anaambiwa ni kwa muda tu, anasaini. Miezi inapita bila shauri lolote kufunguliwa, bila msimamizi, bila wakili wa mtoto. Majaji wamelilaani sana jambo hili, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika shauri lililoihusu halmashauri ya Hackney, iliifafanua sheria: makubaliano yale ni ya hiari, na mzazi mwenye mamlaka ya malezi ana haki ya kumchukua mtoto wake wakati wowote. Omba solisita kabla ya kusaini, na omba mkalimani ambaye si ndugu yako wala wa mwenzi wako. Uliza pia anazungumza Kiswahili cha wapi, maana mama wa Bukavu aliyetafsiriwa na mtu wa Unguja anaweza kuonekana anakwepa maswali, kumbe hakuyaelewa.

Kuhusu kuchapa, kwa kifupi: Wales imepiga marufuku kabisa tangu 21 Machi 2022. England bado inaacha upenyo mdogo wa “adhabu ya wastani”, lakini fimbo, mkanda au alama yoyote inayobaki mwilini kwa kawaida inakutoa nje ya upenyo huo. Hoja ya kwamba sisi ndivyo tulivyolelewa sijawahi kuiona ikimsaidia mtu.

La tatu ni zito zaidi, na linahusu jamaa. Tangu Aprili 2014 sheria inataka shauri la halmashauri limalizike ndani ya wiki 26. Mengi huchelewa, lakini saa inahesabu tangu siku ya kwanza. Ndani ya muda huo kila jamaa anayeweza kumlea mtoto lazima atajwe, afanyiwe tathmini, aandikiwe ripoti. Familia zetu huona aibu. Mama hataki shangazi wa Leicester ajue, wala bibi wa Tanga asikie. Anatumaini mambo yataisha kimyakimya. Wiki ya ishirini, mambo yalipokwisha kuharibika, ndipo anataja majina matano. Tathmini ya bibi aliye ng'ambo inahitaji mtu wa kwenda kuiona nyumba yake, na shirika la CFAB huunganisha ustawi wa jamii wa huku na wa huko kwa kazi hiyo. Kisha yapo masuala ya viza na shule, na kama amri ya huku itatambulika kule. Hayo hayafanyiki kwa wiki tatu. Nimeona watoto waliokuwa na ukoo mzima tayari kuwapokea wakielekea kuasiliwa na watu wasiowajua kwa sababu jina la mama mdogo lilichelewa kutajwa.

Na kuna njia inayofaa sana familia za Kiislamu, ambazo dini yao haikubali mtoto akatwe nasaba. Tangu mwishoni mwa 2005 mahakama inaweza kumpa jamaa ulezi maalumu: anamlea mtoto mpaka miaka 18, ana sauti ya mwisho katika mambo karibu yote, lakini mtoto anabaki mwana wa wazazi wake, na jina lake na ukoo wake haviguswi. Mtaje huyo jamaa siku ya kwanza.

Kuasiliwa bila ridhaa ya wazazi kunakata yote hayo moja kwa moja. Ndiyo maana Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2013, katika shauri jingine linaloitwa pia Re B, kwamba hatua hiyo ni ya mwisho kabisa, ya pale ambapo hakuna njia nyingine itakayofaa. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufaa ikazikemea halmashauri na majaji kwa kufika huko kwa ripoti nyepesi zisizopima njia zote kwa pamoja. Tangu hapo, wakili wa mzazi anapoisoma ripoti ya halmashauri, hutafuta kitu kimoja kwanza: je, imelinganisha maisha ya mtoto chini ya kila njia, faida na hasara zake, au imezifuta njia moja baada ya nyingine mpaka ikabaki kuasili tu?

Haya yote yanahusu mashauri ambayo dola ni mdai. Yako mengine, mengi kuliko haya, ambako wazazi walioachana wanamgombania mtoto wao kwa wao. Huko hali ni tofauti kwa namna inayonihuzunisha. Tarehe 1 Aprili 2013 sheria iliyopitishwa mwaka mmoja kabla iliondoa msaada wa kisheria katika sehemu kubwa ya mashauri hayo, isipokuwa kwa mwenye ushahidi wa kunyanyaswa nyumbani au mtoto kudhurika, na hata huyo kipato chake hupimwa. Matokeo yake ni kwamba mama anasimama peke yake upande huu, baba peke yake upande ule, na jaji katikati anajaribu kuwa mwamuzi na kuwa wakili wa wote wawili. Kwa miaka mingi mtu aliyempiga mkewe aliweza kumhoji yeye mwenyewe, uso kwa uso, kuhusu kipigo hicho. Sheria ya 2021 kuhusu unyanyasaji wa nyumbani imelizuia hilo, na mahakama sasa inaweza kuteua wakili wa kuuliza maswali tu, kisha aondoke. Lakini katika maeneo mengi wakili wa kuteuliwa hapatikani, kwa sababu malipo ni madogo.

Hapo kanuni ya Re B ya 2008, niliyoisifu juu, inageuka kuwa kali kwa asiye na wakili. Tuhuma ya kweli ambayo hakuna aliyejua kuithibitisha inahesabiwa kwamba haikutokea. Mama hajui kwamba angeomba rekodi za daktari wake, au za polisi, wala hajui aombe lini. Tuhuma ya uongo nayo inaweza kupita kwa sababu baba hakujua swali la kuuliza. Kipimo cha ushahidi kinafanya kazi pale tu ambapo kuna watu wa kuuleta ushahidi na kuujaribu. Bila wao, jaji anarudi kule ambako sheria ya 1989 ilikuwa inamtoa, kwenye dhana, ingawa maneno ya hukumu yataendelea kuwa yaleyale.

Na mtoto? Katika mashauri hayo hana wakili, ila pale jaji anapoona jambo limekuwa gumu kupita kiasi. Kwa kawaida anaandikiwa ripoti na mtu wa Cafcass aliyekutana naye mara moja au mbili, na mara nyingi shauri limeshakaa miezi kabla ripoti haijaandikwa. Tangu Februari 2022 mahakama za Dorset na North Wales zimejaribu utaratibu mwingine, na baadaye Birmingham na kwingineko wakaufuata: mtu anazungumza na mtoto mwanzoni kabisa, anaandika jinsi ugomvi unavyomwathiri, na jaji anaisoma ripoti hiyo kabla ya wazazi kuingia. Ni hatua nzuri na ninaiunga mkono. Ila ripoti haiwezi kumuuliza swali shahidi, haiwezi kuomba faili la hospitali, haiwezi kukata rufaa. Katika shauri lililovuta mwaka wa pili, ambamo kila mzazi anamtuhumu mwenzake kwa jambo zito, ningemteulia mtoto solisita na msimamizi bila kungoja likwame zaidi, na ningeitoza hazina ya serikali gharama hiyo.